Serikali Haijawahi Kutoka Benki

Likizuka suala la riba nchini Kenya, iwe bungeni, redioni au kwenye baraza la kahawa huku kwetu Mombasa, hazipiti dakika tano kabla mtu hajalifunga kwa maneno haya: "Si tulijaribu 2016? Matokeo tuliyaona." Wasikilizaji hutikisa vichwa, mjadala ukaisha. Anayesema hivyo anaikumbuka sheria ya kudhibiti riba, iliyodumu miaka mitatu na ushei. Funzo analotoa ni kwamba serikali ikitia mkono katika maamuzi ya kampuni binafsi huharibu, basi ikae mbali, iziache benki ziamue zenyewe nani akopeshwe, kiasi gani na kwa bei gani.

Funzo hilo limeshakuwa kama jedwali la kuzidisha. Wachumi wanalirudia, wahariri wanalirudia, hata mawaziri wanalirudia. Mimi nalipinga. Sheria ile ilikuwa na kasoro, na sitazificha. Lakini mtu anayedhani kuna wakati serikali ilikuwa nje ya uamuzi wa benki, kisha ikaingia 2016, kisha ikatoka 2019, mkasa mzima ameusoma kinyumenyume. Serikali ilikuwamo kabla ya sheria, ilikuwamo wakati wa sheria, na imo hadi leo. Imeingia kwa mlango usiosemwa sana: mlango wa mkopaji.

Kwanza nikumbushe mambo yalivyokuwa. Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini sheria hiyo tarehe 24 Agosti 2016, ikaanza kutumika 14 Septemba. Mswada ulikuwa wa mbunge wa Kiambu Mjini, Jude Njomo, na haukuwa wa kwanza wa aina yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbunge wa Gem, Joe Donde, alileta mswada kama huo, ukakwama mahakamani. Safari hii sheria ilisema benki isitoze mkopo zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na isilipe amana chini ya asilimia 70 ya kiwango hicho. Mwishoni mwa Septemba 2016 kiwango kilikuwa asilimia 10. Mkopo ghali kabisa ukawa asilimia 14, na amana ya chini kabisa ikawa asilimia 7.

Wabunge hawakuamka tu asubuhi moja wakaamua kuzionea benki. Katikati ya 2016 wastani wa riba ya mikopo ulikuwa karibu asilimia 18, na mfanyabiashara mdogo alitozwa 20 na zaidi. Aliyeweka pesa zake katika akaunti ya akiba alipata chini ya asilimia 2. Wananchi walikuwa wanaiona tofauti hiyo kila mwisho wa mwaka benki zilipotangaza faida.

Desemba ya mwaka huo nilimsindikiza dadangu hadi tawi la benki alikoweka pesa zake kwa miaka tisa. Dadangu anauza nafaka soko la Kongowea. Alitaka mkopo wa shilingi 150,000 anunue maharagwe kutoka Taveta kabla shule hazijafunguliwa Januari, maana ana shule mbili za bweni anazozipelekea chakula. Alikuwa amesikia redioni kwamba riba imeshuka, akabeba taarifa za akaunti za mwaka mzima ndani ya bahasha ya kaki, tukaenda.

Kijana wa mikopo alimpokea kwa heshima. Akazipitia karatasi moja baada ya nyingine, akauliza kama kuna hati ya shamba au ya nyumba, akaambiwa hakuna. "Mama, kwa sasa mikopo isiyo na dhamana tumeisimamisha," akasema. Dadangu hakuinuka. "Mwanangu, mwezi wa saba mlinipigia simu wenyewe, mkanibembeleza nikope kwa ishirini. Leo ni kumi na nne, mnanikataza. Niambie tu ukweli."

Yule kijana alitazama huku na huku, akavuta karatasi ya kuwekea pesa, akaigeuza upande wa nyuma, akaandika 150,000. Chini yake akaandika 21,000, yaani riba ya mwaka kwa asilimia 14 kama deni lote lingekaa mwaka mzima. Pembeni akaandika 18,750. "Hizi benki inazipata kwa serikali, kwa hati fungani ya asilimia kumi na mbili na nusu. Haimtafuti mtu, haimpigii mtu simu, haikosi usingizi." Akatoa ya pili kwenye ya kwanza. Zikabaki 2,250. Akazizungushia duara kwa kalamu. "Hizi mama, ndizo zinilipe mshahara, zilipe fomu na kodi ya jengo hili, na ziwafidie wale wasiolipa."

Karatasi ile tuliondoka nayo. Naitaja kwa sababu watu wawili wanaweza kuitazama wakaona mambo mawili tofauti. Wenye kupinga sheria wataiona asilimia 14 na kusema: haya, serikali ilipanga bei, mkopo ukafa. Mimi naiona 18,750. Nani aliyeiweka namba hiyo pale? Ni serikali ileile. Kwa mkono mmoja ilimwambia mwenye benki, "Usimtoze mwuza maharagwe zaidi ya 14." Kwa mkono wa pili ikamwambia, "Na ukinikopesha mimi nitakulipa 12 na nusu." Mwenye benki akafanya kile ambacho mwenye duka yeyote angefanya.

Ondoa sheria ya Njomo kwenye karatasi ile, 18,750 inabaki palepale. Huo ndio mzizi wa hoja yangu. Katika nchi ambayo serikali inakopa ndani kila wiki, mnada wa hati za Hazina ndio unaoweka sakafu ya bei ya pesa. Hakuna benki itakayomkopesha mwananchi chini ya kile inacholipwa na serikali, kwa sababu serikali ndiye mkopaji asiyehitaji kukaguliwa. Na kanuni zinasaidia jambo hilo. Kanuni za mtaji za Benki Kuu zinaihesabu hati fungani ya serikali kuwa haina hatari hata chembe, ilhali mkopo wa biashara ndogo unahesabiwa hatari kamili, na benki lazima itenge mtaji kwa ajili yake. Kanuni ya ukwasi inaitaka benki ishike angalau asilimia 20 ya amana katika mali inayogeuka pesa haraka, na hati za Hazina zimo. Sisemi kanuni hizo ni mbaya. Zinalinda pesa za wenye amana. Nasema hivi: anayekaa kwenye bodi ya benki na kuamua "mwaka huu tupunguze mikopo midogo, tuongeze hati fungani" haamui katika uwanja mtupu. Uwanja umechorwa mistari, na aliyeichora ni serikali.

Kuna serikali pia ndani ya ile bahasha ya kaki. Kijana yule alipozipitia taarifa za akaunti alisimama kwenye miezi mitatu ambayo pesa ziliingia kidogo kidogo. Dadangu alieleza: zile shule zilichelewa kumlipa. Na shule zilichelewa kwa sababu pesa za serikali za kugharimia wanafunzi zilichelewa kutoka Nairobi. Kwa macho ya benki, dadangu alionekana mteja asiye na mapato ya uhakika. Mkosefu alikuwa mwingine kabisa. Zidisha kisa hicho kwa makontrakta wa barabara, wauza dawa kwa hospitali za kaunti, wapishi wa semina za wizara, wote wenye madai yasiyolipwa kwa miaka, utaona sehemu ya mikopo mibovu ya nchi hii ilikotoka. Kufikia 2017, katika kila shilingi 10 zilizokopeshwa na benki za Kenya, zaidi ya shilingi moja ilikuwa imekwama. Baadhi ya waliofilisiwa na mnada wa benki walikuwa wanaidai serikali. Kisha tunaambiwa serikali ikae mbali na maamuzi ya benki, kana kwamba kuchelewa kwake kulipa si kuingilia.

Nakubali sheria iliumiza. Benki Kuu yenyewe ilifanya utafiti, ukatoka Machi 2018, ukaonyesha kwamba benki ziliwapa kisogo wakopaji wadogo zikawakimbilia wakubwa na serikali. Sheria ilifunga pia mikono ya Benki Kuu, kwa sababu kila benki hiyo iliposhusha kiwango chake kusaidia uchumi, ilishusha na dari la riba, na benki zikazidi kuwakimbia wadogo. Njomo na wenzake walikosea walipodhani ukiandika bei kwenye sheria, bidhaa itabaki rafuni. Nayasema haya bila shida. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba sheria hiyo peke yake ndiyo iliyoua mikopo, na kwamba dawa ni serikali kuondoka.

Mikopo ilikuwa inaugua tangu kabla ya sheria. Agosti 2015 Dubai Bank ilifungwa. Oktoba mwaka huohuo Imperial Bank ikawekwa chini ya mrasimu. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank, ambayo ilikuwa imejijengea jina kwa kukopesha biashara ndogo na za kati. Watu waliondoa pesa zao katika benki ndogo wakazihamishia kubwa, na benki ndogo, ambazo ndizo zilizokuwa zikimfahamu mwenye duka kwa jina, zikakosa pumzi. Kasi ya kukua kwa mikopo ilikuwa tayari imeporomoka hadi tarakimu moja kabla kalamu ya rais haijagusa mswada wa Njomo. Na benki zile hazikuanguka kwa kusimamiwa kupita kiasi. Pale Imperial, mabilioni yalitoka kwa njia za udanganyifu kwa miaka na msimamizi hakuona. Huko ndiko kukaa mbali kulikofika.

Sheria ikafutwa. Oktoba 2019 rais aliurudisha bungeni mswada wa fedha akitaka ukomo wa riba uondolewe, wabunge hawakufikisha theluthi mbili za kumpinga, na Novemba dari likaondoka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeshinikiza jambo hilo kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa hoja ninayoipinga, hapo ndipo benki zilipopata uhuru wao, na mwuza maharagwe alipaswa kufunguliwa mlango.

Tazama kilichotokea. Februari 2024, miaka minne na zaidi baada ya dari kuondoka, Hazina ilitoa hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitafuta shilingi bilioni 70. Ilipokea maombi ya zaidi ya bilioni 280, kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Isome tena namba hiyo: asilimia 18.46, bila kodi, kutoka kwa mkopaji asiyehitaji kukaguliwa. Kama yule kijana angeandika tena nyuma ya karatasi, 150,000 zingezaa karibu 27,700 kwa serikali kwa mwaka. Dadangu angelazimika kulipa kiasi gani ili benki imtazame usoni? Ishirini na tano? Thelathini? Biashara ya maharagwe haina faida ya kubeba mzigo huo.

Na mikopo ikafanya nini? Mwaka 2017, mwaka mbaya kabisa wa sheria ya Njomo, ule unaotajwa katika kila makala ya kuikosoa, mikopo kwa sekta binafsi ilikua kwa asilimia 2.4 tu. Desemba 2024, bila dari lolote, haikukua kabisa. Ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4 ukilinganisha na mwaka mmoja nyuma. Ni haki kusema kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na shilingi kuimarika, hivyo mikopo ya dola ikaonekana midogo ilipogeuzwa kuwa shilingi. Lakini hata ukiitoa sehemu hiyo, hakuna namna ya kuutazama mwaka ule ukauita ushindi wa benki zilizoachwa ziamue zenyewe. Dari lilikuwa limeondoka. Sakafu ilikuwa imepanda hadi kichwani.

Baadaye Benki Kuu ilianza kukishusha kiwango chake, kutoka asilimia 13 mwaka 2024 hadi 10.75 kufikia Februari 2025. Benki zilijivuta kuwashushia wateja, hadi Gavana Kamau Thugge akazitishia faini. Yaani hata baada ya kuapa kwamba serikali haitarudi kwenye bei ya mkopo, ilibidi irudi, safari hii kwa kukaripia. Mimi nasema afadhali iingie kwa sheria inayojulikana kuliko kwa karipio.

Hebu tutazame pia mahali ambapo serikali kweli haikuwapo, maana mahali hapo papo, na dadangu alipapitia. Baada ya kukataliwa na benki alikopa kwenye simu. Kwanza alikopa mkopo wa benki unaopitia simu, wa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwanamke yeyote wa Kongowea anaweza kukupigia hesabu hiyo kichwani: ukiurudia kila mwezi, umelipa 90 kwa mwaka. Dari la 14 lilikuwa bado sheria ya nchi, lakini benki zilisema ile si riba, ni ada. Vivyo hivyo kwa amana: sheria ilisema akaunti inayozaa riba ilipwe asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu, na baadhi ya benki zikawahamishia wateja kwenye akaunti zisizozaa riba. Neno lilibadilishwa, pesa zikabaki ndani ya benki.

Halafu 2019 akaingia kwenye programu moja ya mikopo isiyo ya benki, wala isiyo na leseni ya mtu yeyote, kwa sababu wakati huo hakuna sheria iliyoitaka kuwa nayo. Alipochelewa siku nne, walianza kupiga simu. Hawakumpigia yeye peke yake. Walikuwa wamechukua namba zote zilizomo kwenye simu yake. Walimpigia shemeji yake. Walimpigia mwalimu mkuu wa shule anayoiuzia. Walimpigia mzee wa Taveta anayempa maharagwe kwa mali kauli, wakamwambia mteja wako ni mwizi. Mzee yule alikuwa akimwamini kwa miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo alitaka pesa taslimu kabla gunia halijapandishwa kwenye lori. Biashara ya dadangu ilipunguzwa nusu kwa deni la shilingi elfu nne.

Huo ndio uhuru kamili wa kampuni kuamua: bei yoyote, ada yoyote, simu kwa yeyote. Haukudhibitiwa na ushindani, ingawa programu zilikuwa nyingi kama utitiri. Ulidhibitiwa Desemba 2021, Bunge lilipoirekebisha sheria ya Benki Kuu na kuwataka wakopeshaji wa simu wote wawe na leseni. Kumi wa kwanza walizipata Septemba 2022. Kuna kampuni zilizobadilisha mwenendo kwa sababu hiyo, na kuna zilizofunga. Anayesema serikali ikitia mkono huharibu, amweleze dadangu nini hasa kiliharibiwa siku ile.

Nimesema nazungumzia serikali kuingia, na wengine watanijibu kwa M-Pesa, huduma ya pesa za simu. Ndiyo mfano wanaoupenda kuliko yote: tazama, watasema, kampuni iliachwa ibuni, ikaubadilisha ulimwengu. Naukaribisha mfano huo kwa mikono miwili. Majaribio ya kwanza ya M-Pesa yalilipiwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, iliyotoa karibu pauni milioni 1 na Vodafone ikatoa kiasi kama hicho. Huduma ilipozinduliwa na Safaricom Machi 2007, mwenye hisa nyingi zaidi katika kampuni hiyo alikuwa serikali ya Kenya. Hakukuwa na sheria ya pesa za simu, na Benki Kuu ingeweza kusema hapana na mambo yakaishia hapo. Badala yake iliandika barua ya kutopinga, ikaweka masharti: pesa za wateja zikae benki katika akaunti ya amana, kampuni isiziguse kwa shughuli zake. Mwaka 2008 benki kubwa zilipolalamika, aliyekuwa kaimu waziri wa fedha John Michuki aliagiza ukaguzi, na ukaguzi ukaonyesha kwamba huduma ni salama. Ukaguzi huo ndio uliompa mwanakijiji imani ya kuacha pesa zake ndani ya simu.

Nani basi aliyezikataa pesa za simu mwanzoni? Ni benki binafsi, zikiamua kwa uhuru wao. Na nani aliyezilazimisha baadaye zimfuate mteja hadi dukani kwake? Ushindani wa M-Pesa, ndiyo, pamoja na kanuni za uwakala ambazo Benki Kuu ilizitoa 2010, zikaziruhusu benki kumtumia mwenye duka kama wakala. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini alipanda gari asubuhi kwenda kuweka elfu mbili.

Mfano mwingine ni wa 2017, katikati kabisa ya miaka inayoitwa ya giza ya udhibiti wa riba. Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana na kuandikishwa: pikipiki, ng'ombe, mazao ghalani, hata ankara ambayo hujalipwa. Kwa mtu kama dadangu, asiye na hati ya ardhi lakini mwenye magunia na wateja wa kudumu, hiyo ni sheria inayoweza kubadili jibu la kijana wa mikopo. Inagusa uamuzi wa benki moja kwa moja, bila kuandika bei hata moja. Sijui kwa nini haisemwi kila siku redioni. Pengine ni kwa sababu haisaidii upande wowote wa ugomvi: wanaotaka dari hawaioni kama ushindi, na wanaotaka serikali iondoke hawawezi kuikiri.

Kuna rafiki yangu mhasibu aliyeisoma rasimu ya makala haya akaniuliza swali lililo sawa: "Kwa hivyo unataka dari lirudi?" La. Nataka tuache kuuliza kama serikali iingie au isiingie, kwa sababu swali hilo limekwisha kujibiwa, imo. Tuulize inaingia kama nani. Ikiingia kama msimamizi anayetangaza kanuni mapema na kuzifuata, benki hupanga mambo yake na mwananchi hupata nafuu, kama ilivyokuwa kwa mawakala. Ikiingia kama mlipaji mchelevu, inawaua wauzaji wake na kuziogopesha benki zao. Ikiingia kama mkopaji asiyeshiba, inazinunua pesa zote sokoni, halafu inasimama jukwaani kuzilaumu benki kwa ubahili.

Na hapa ndipo kelele za "serikali ikae mbali" zinapofanya madhara makubwa kuliko sheria ya Njomo. Zinaielekeza hasira yetu mahali rahisi. Mbunge akitaja ukomo wa riba, magazeti humrukia kesho yake. Hazina ikikopa mabilioni ya ndani wiki hiyohiyo, habari inawekwa ukurasa wa biashara, sentensi tatu, pamoja na bei ya chai mnadani. Uingiliaji mdogo unaitwa uingiliaji. Uingiliaji mkubwa unaitwa soko. Wenye benki hawana sababu ya kusahihisha jambo hilo, kwa kuwa hati fungani zinawalipa vizuri. Hazina haina sababu, kwa kuwa inahitaji pesa. Anayebaki bila msemaji ni yule aliyekuja na bahasha ya kaki.

Wengine wanasema wanasiasa hawaaminiki, wakipewa nafasi kidogo kwenye biashara watachukua yote. Naiheshimu hofu hiyo, nami nimeishi nchi hii. Lakini hofu hiyo inatakiwa iwe kubwa zaidi kwenye mnada wa hati fungani kuliko mahali pengine popote, kwa maana pale mwanasiasa anachukua amana za watu bila kupigiwa kelele, na deni litalipwa na wajukuu. Mtu anayeogopa mkono wa serikali na haulizi inakopa kiasi gani, anaogopa kivuli tu.

Kila Juni Waziri wa Hazina husimama bungeni na mkoba wake, na sisi hukaza masikio kusikia bei ya mkate, sigara na mafuta ya taa. Msomaji wangu, safari hii utafute mstari mmoja: kiasi ambacho serikali inakusudia kukopa ndani ya nchi mwaka huo. Uandike mahali. Kisha mtafute mbunge wako, awe wa serikali au wa upinzani, umuulize mambo mawili tu. Kiasi hicho kikikopwa, mwenye duka atabakiwa na nini? Na wauzaji wanaoidai serikali watalipwa mwezi gani? Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya benki na soko, mwambie si kweli, na umpigie kura kwa kadiri ya jibu lake.

Dadangu bado yuko Kongowea. Mzee wa Taveta amemrudishia mali kauli, mkopo wake anaupata kwenye chama cha wanawake kumi na wawili wanaokutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, na ile karatasi yenye duara la 2,250 anayo hadi leo ndani ya daftari lake la madeni. Benki hajarudi.